Risala ya Wanamuziki na Wachuuzi wa Arua na Koboko: Tupeni Jibu, Hata Likiwa Hapana

Waheshimiwa viongozi wetu wa Arua na Koboko, mlio kwenye mabaraza, mlio kwenye usalama na mlio kwenye afya, pamoja na wazee wetu wa mila mlioitika wito wa kuja kusikiliza,

Desturi ya risala ni kuanza na shukrani, nasi hatutaivunja. Tunashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema. Tunashukuru pia kwa barabara ya lami ya Vurra hadi Oraba, kilomita 92 ambazo baba zetu walizipita kwa vumbi na tope. Bila lami ile, wazo la kupiga muziki Arua siku ya Ijumaa na kuumalizia Koboko Jumamosi kwa lori moja la vyombo lisingemjia mtu mwenye akili timamu. Shukrani zetu zinaishia hapo. Tuliyokuja nayo leo ni malalamiko.

Sisi ni wapiga vinubi vya adungu na tarumbeta za agwara, vijana wa gitaa na kinanda, wacheza ngoma ya doluka, mafundi wa spika na taa, akina mama wa ugali wa enyasa na samaki wakavu wa angara, wachoma nyama, wauza maji, madereva wa boda boda na wenye nyumba za kulala wageni. Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachopatania bei sokoni, Mlugbara na Mkakwa, Mualur na Mmadi, Mnubi, na ndugu zetu wa Aru na Ariwara upande wa Kongo na wale waliovuka kutoka Yei na Kaya, Sudan Kusini. Halafu, mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi, kwa hiyo asije mtu akatuambia barua hii si rasmi.

Jambo lililotuleta ni moja. Tamasha letu la muziki la uwanja wa wazi limetangazwa, tiketi za mwanzo zimeuzwa, na mpaka saa hii hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuapa kwamba lipo au halipo.

Tungekuwa tumekataliwa, tungejua la kufanya. Hatukukataliwa. Barua yetu ilipokelewa, ikagongwa muhuri, tukapewa nakala. Tangu hapo ni "ngojeni kidogo". Arua wanasema wanasubiri kusikia Koboko wameamuaje. Koboko wanasema wasingependa kuwatangulia Arua. Zamani haya yangekuwa ya meza moja, maana Koboko ilikuwa sehemu ya Arua. Tangu 2005 ni wilaya inayojitegemea, na Arua nayo imekuwa jiji tangu Julai 2020. Tulishangilia yote mawili. Hatukujua kwamba siku moja ngoma yetu ingekaa katikati ya meza mbili, kila moja ikiitazama nyingine. Iko ofisi, na hatutaitaja kwa sababu hatukuja kumwaibisha mtu, ambayo kila tukifika tunaambiwa faili liko mezani na mwenye meza yuko semina.

Nendeni mkatazame matangazo yetu kwenye nguzo za barabarani. Tarehe ya kwanza imezibwa kwa kipande cha karatasi nyeupe, na juu yake imeandikwa tarehe nyingine kwa kalamu nene. Jua limekausha gundi, kipande kimejikunja pembeni, sasa tarehe zote mbili zinasomeka. Watoto wa shule wanasimama pale wanabishana ipi ni ya kweli. Mtangazaji wa redio naye amejitungia maneno yake: njooni wote, Mungu akipenda na wakubwa wakikubali. Watu wanacheka. Sisi tuliotoa arbuni hatucheki.

Kuhusu hiyo arbuni, tunaomba mtuvumilie, kwa maana tunadhani ndiyo isiyoeleweka vizuri ofisini. Spika kubwa za kutosha uwanja wa wazi hazipatikani hapa kwa wingi. Nyingi zinatoka Kampala, mwendo wa karibu kilomita 500 kupitia Karuma na Pakwach. Mwenye vyombo hasafiri kwa ahadi. Anataka nusu mkononi kabla ya kupakia, na nusu hiyo hairudi, iwe mmenyimwa kibali, iwe mmefiwa. Ukimwambia tarehe imesogea, anakujibu kwamba siku hiyo mpya ana harusi Lira. Ukimwambia haijulikani, hakujibu kabisa. Mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, tulijifunza kuomba vyombo mapema zaidi na kulipa zaidi kwa mzunguko. Kuomba mapema kunataka tarehe ya hakika, na tarehe ya hakika ndiyo tuliyonyimwa.

Umeme ni hivyo hivyo. Eneo hili lilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, likitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak, na hata sasa hakuna fundi mwenye akili atakayewasha jukwaa zima bila jenereta ya akiba. Jenereta hukodishwa kwa siku. Dizeli hununuliwa kwa pesa taslimu.

Lakini wanaoumia zaidi si wenye jukwaa. Mwenzetu mmoja, mama wa chakula, amechukua mkopo kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa. Amenunua unga wa muhogo, angara, mafuta, sufuria mbili za kuongezea, na mbuzi. Unga utakaa. Angara itakaa, imekaushwa. Mbuzi wanakula kila siku, tarehe iwepo isiwepo. Kila wiki kikundi kinapokutana, kisanduku kinafunguliwa, yeye anasimama mbele ya wenzake kueleza kwa nini rejesho halijatimia, na jibu lake ni lile lile mnalotupa sisi: ngojeni kidogo. Wenzake wanamsikiliza kwa adabu. Riba haimsikilizi.

Kuna wanaotuambia, si msogeze tu mbele? Tungekuwa tunaishi kwenye nchi ya jua la mwaka mzima tungesogeza. Nyinyi ni wenyeji, mnajua kwamba kiangazi chetu ni kuanzia Desemba hadi Machi. Aprili mvua zinaanza, na kuanzia Agosti hadi Oktoba zinanyesha kwa hasira. Uwanja wa wazi ukilowa, nyaya zinalala kwenye maji, lori linazama kabla ya kufika jukwaani, na vijana wanaoingia kwa miguu kutoka vijijini wanaamua kulala. Tamasha la nje likisukumwa hadi Aprili limeshafutwa, isipokuwa hakuna aliyetia sahihi ya kulifuta.

Waheshimiwa, hatukuja kujifanya hatujui mnachokiogopa. Tunakijua, na kwa sehemu tunakiogopa pamoja nanyi.

Tunakumbuka 11 Julai 2010, mabomu yalipowaua watu zaidi ya 70 Kampala wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, wengine wakiwa kwenye uwanja wa wazi wa Kyadondo. Tangu siku hiyo mkusanyiko wowote mkubwa wa usiku Uganda unakaguliwa, na ni haki ukaguliwe. Tunakumbuka pia usiku wa kuamkia mwaka 2023 pale Freedom City, Kampala. Watu walikimbilia kutazama fataki, wakakanyagana kwenye njia nyembamba, wakafa watu wasiopungua 9, wengi wao watoto na vijana. Hao waliuawa na mlango, si muziki, na mlango hukaguliwa mapema. Mkija kuukagua uwanja wetu saa kumi jioni ya siku yenyewe, watu wakiwa wamejipanga nje, mtatufungia kwa hofu au mtatuachia kwa haya, na yote mawili ni hatari. Njooni sasa, uwanja ukiwa mtupu. Hesabuni milango, pimeni upana wake, mtuonyeshe gari la zima moto litasimama wapi. Mkisema milango mitatu haitoshi, tutavunja uzio tuongeze.

Tunajua na habari ya maradhi. Hatuwezi kusahau kwamba katikati ya 2019, Ebola ya Kongo ilipokuwa imechachamaa, mgonjwa alithibitishwa Ariwara, mahali ambapo wengi wetu tuna shangazi na soko. Januari 2025 ugonjwa ulionekana Kampala kwenyewe. Wakati wa korona tulinyamaza tangu Machi 2020 hadi 24 Januari 2022, biashara za usiku ziliporuhusiwa tena. Karibu miaka miwili! Wengine waliuza gitaa, wengine walirudi shamba na hawajarudi jukwaani hadi leo. Hatukuandamana. Tulielewa. Daktari akisimama leo akasema kuna mgonjwa, tutakunja turubai wenyewe kabla hamjamaliza sentensi. Tunachouliza ni hiki: je, kuna daktari aliyesema hivyo? Kama yupo, mbona masoko ya mpakani yako wazi na mabasi yamejaa? Kama hayupo, mbona neno "afya" linatajwa kila tukiulizia barua yetu?

Halafu kuna jambo ambalo halitajwi mezani lakini linakaa chumbani nasi. Tarehe 13 Agosti 2018, mji huu wa Arua ulitajwa dunia nzima. Zilikuwa siku za mwisho za kampeni ya kujaza kiti cha ubunge kilichoachwa wazi na kifo cha Ibrahim Abiriga. Msafara wa Rais ulirushiwa mawe, dereva wa Robert Kyagulanyi akauawa kwa risasi, na watu kwa makumi wakakamatwa na kushtakiwa kwa uhaini, Kyagulanyi mwenyewe akiwamo, yeye ambaye nchi nzima ilimjua kwanza kama mwanamuziki Bobi Wine, na ambaye matamasha yake yalikuwa yakizuiwa tangu mwishoni mwa 2017. Hatukuja kufufua kesi ile. Tunasema tu kwamba tangu siku hiyo, Arua ikiwekwa pamoja na jukwaa, mwanamuziki na umati wa vijana, kuna maafisa wanaoona kitu tusichokiona sisi. Ndani ya kamati yetu kuna wa kila rangi ya chama, na wengine wamegombana hadi hawapeani chai, lakini kuhusu tamasha hawana ugomvi. Jukwaani hapatavaliwa shati la chama. Mwanasiasa akija, akate tiketi akae.

Tena sheria haikutuacha yatima. Sheria ya Kusimamia Utulivu wa Umma ya 2013, inayotajwa kila mara kwenye maofisi, yenyewe imeitoa nje ya hesabu yake mikutano ya kijamii, ya kidini, ya kitamaduni, ya hisani, ya elimu na ya biashara. Tamasha letu ni la kijamii, la kitamaduni na la biashara kwa pamoja. Na hata tukihesabiwa kuwa mkutano wa siasa, sheria hiyo hiyo inamtaka afisa anayeona haiwezekani ajibu kwa maandishi ndani ya saa 48. Mahakama ya Katiba nayo, Machi 2020, ilikibatilisha kifungu cha 8 kilichompa polisi uwezo wa kuusimamisha mkutano. Juu ya yote kuna Katiba ya 1995, ibara ya 42: anayefika mbele ya ofisi ya serikali ana haki ya kutendewa kwa haki, na asiporidhika aende mahakamani. Lakini mahakamani unakwenda na uamuzi mkononi. Nani amewahi kukata rufaa dhidi ya "ngojeni"?

Tunajua kuna sheria nyingine ya burudani za umma, iliyorithiwa kwa mkoloni, na kwamba mwaka 2019 zilipendekezwa kanuni za kumtaka msanii apeleke mashairi yake yakaguliwe kwanza. Sisi mashairi yetu mkiyataka tutawaletea, ingawa tunawahurumia watakaoyasoma, kwa sababu mengi ni ya mapenzi na mengine ni ya kumsifu ng'ombe.

Mfano wa Jinja tunautaja kwa wivu. Tamasha la Nyege Nyege mwaka 2018 lilipigwa marufuku na waziri wa maadili, kisha likafanyika. Septemba 2022 Bunge likasema lisiwepo, na baada ya Waziri Mkuu kuingilia kati likaruhusiwa kwa masharti, watu wakacheza pale Itanda. Hatuingii katika ubishi wa maadili yake. Hata kati yetu wako wasiolipenda. Tunachoona ni kwamba lile tamasha lina wageni waliokwisha kata tiketi za ndege, lina wadhamini, lina namba ya simu ya mtu Kampala. Likitikiswa, nchi nzima inasikia. La Koboko likifa, hata Nebbi hawana habari. Ndiyo maana mdogo anahitaji utaratibu kuliko mkubwa: mkubwa ana pa kupigia simu.

Na si kwamba kufuta ni aibu. Sauti za Busara la Zanzibar, tamasha linalojulikana pwani nzima, lilifuta msimu wake wa 2016 kwa kukosa fedha. Wakasema mapema, wakajipanga, wakarudi 2017. Goma walipanga Tamasha la Amani Agosti 2013. Vita vikawazuia, wakaahirisha, na Februari 2014 watu wakajaa. Hao walikuwa na mabomu mlangoni na bado walimwambia mwananchi lini na kwa nini. Sisi tuna amani, tuna lami, na hatujui.

Wapo na wageni wetu. Bendi ya upande wa Ariwara inapitia Vurra. Wapiga ngoma wa upande wa Yei wanapitia Kaya na Oraba. Kila mmoja anahitaji karatasi ya kuvukia na orodha ya vyombo vyake, la sivyo ngoma yake inageuka bidhaa na kutozwa ushuru. Karatasi hizo zinaombwa kwa kuonyesha kibali cha tamasha. Kibali hatuna. Wakimbizi wa Lobule na Rhino Camp walioandaa ngoma zao nao wanahitaji ruhusa ya kutoka kambini na gari la kurudi usiku. Nani atawapa gari la safari isiyo na tarehe?

Sasa tunayoyataka.

Tunataka jibu la maandishi, lenye sahihi ya mtu na sababu. Likiwa ndiyo, liseme ndiyo kwa masharti gani. Likiwa hapana, liseme hapana kwa sababu ipi, na litufikie mwezi mmoja kabla ya siku, si usiku wa kuamkia. Hili ndilo kubwa, na tungepewa hili peke yake tungefunga risala.

Tunataka Arua na Koboko mkae meza moja, asubuhi moja, pamoja na polisi, watu wa afya, zima moto na sisi. Muda wa kunywa chai mara moja unatosha. Kila mtu aseme lake mbele ya mwenzake, ili tusiendelee kubeba maneno kutoka mji hadi mji kama wachonganishi.

Tunataka masharti badala ya kufuli. Mkisema muziki uzimwe saa sita usiku, utazimwa. Mkisema matangi ya kunawia mikono kila mlango, yatawekwa. Mkisema watoto wasiingie jioni bila mzazi, tutawarudisha. Pombe ya kwete mkisema iuzwe nje ya uzio tutalalamika kidogo, kisha tutatii.

Tunataka mizani iwe moja. Mikutano ya siasa hupigiwa spika mpaka mabati yanatikisika, na mikesha ya kiroho hukesha kweli. Hatuombi wao wanyamazishwe. Tunaomba kinachowatosha wao kitutoshe na sisi.

Tunataka kila shilingi iwe na risiti. Mahali fulani tuliombwa "mafuta ya gari" kabla barua yetu haijasomwa. Kama ulinzi una ada, itangazwe, tuilipe dirishani. Na kama tukilipa ada ya uwanja na ya leseni, kisha tukazuiwa bila ugonjwa wala vita, ada hiyo irudishwe au ihamie kwenye tarehe mpya tutakayokubaliana.

Kwa upande wetu tunatoa haya: ramani ya uwanja yenye milango na vyoo, majina ya vijana watakaovaa fulana za ulinzi, mkataba na gari la wagonjwa, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzima jenereta akiamriwa na kamanda, bila kubishana. Vimeambatanishwa. Viliambatanishwa pia mara ya kwanza.

Mkisema hapana, tutarudisha pesa za tiketi, tutamruhusu mwenye vyombo auze siku yetu, na yule mama ataingiza mbuzi wake mnadani akiwa angalau ana tarehe ya kuwaambia wenzake wa kikundi. Mkisema ndiyo, fundi wa jukwaa anahitaji wiki nzima, na bendi ya Ariwara inahitaji zaidi ya hapo kwa ajili ya karatasi. Kwa hiyo tunaomba jibu kabla ya Ijumaa ijayo. Likabidhiwe kwa katibu wetu, Arua. Asipopatikana, mkabidhini mwenyekiti wa boda boda wa stendi ya Koboko, atalifikisha jioni hiyo hiyo na hatadai mafuta.

Ni sisi,
wanamuziki, mafundi, wachuuzi na madereva wa Arua na Koboko